Kopo la Kufukuza Kupe

Cedar Fork, Arkansas
21 Agosti 2023

Mjomba Ovide, shikamoo.

Natumaini ziwa lako huko Duluth limepata joto kidogo, maana mwaka jana uliniandikia kwamba ulivaa sweta mwezi wa Julai. Huku joto limelalia vilima kama kuku anayeatamia. Mimi mzima. Bado tunapima mipaka ya msitu wa kampuni ya mbao, nyasi zinafika kiunoni, na simu haishiki mtandao mpaka upande juu kabisa, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama bibi kizee. Mama hajambo. Anasema binamu Whitney amekwisha kununua nguruwe wawili wa kunenepesha kwa ajili ya siku ya kuchinja Februari, na mmoja anafanana na wewe. Sikuuliza mnafanana wapi.

Sasa nina jambo dogo. Unaijua ile akaunti ya afya, fedha zinazokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, nikalipie dawa kwa kadi. Jumamosi nilikwenda duka la dawa na vitu vitatu: mafuta ya kuzuia jua, krimu ya kupaka ukishaumwa na wadudu, na makopo ya dawa ya kupulizia kufukuza wadudu. Kadi ikalipa viwili vya kwanza, makopo ikayakataa.

Nikamwambia muuzaji, "Yaani inakubali kunitibu nikishaumwa, ila haitaki nisiumwe?"

Akasema, "Dada, mimi nauza tu. Kamuulize aliyetunga hayo masharti."

Nikafikiri: huyo namjua. Wewe uliyekula mkate wako miaka yote ukisoma madai ya akaunti hizi. Kuna njia?

Mpwa wako,
Danelle

*

Duluth, Minnesota
2 Septemba 2023

Danelle, mpwa wangu, marahaba.

Ziwa halijapata joto na halina nia hiyo. Nimezoea. Nasoma, natembea hadi maktaba, narudi. Jirani ameniletea bakuli la supu ya wali mweusi wa huku, nikaitia pilipili ya kwetu mpaka akaniuliza kama ninamchukia. Mwambie mama yako nguruwe akinona afanane naye.

Sikutunga masharti. Nilikuwa nayasoma tu, na nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza waliopiga simu wakiwa na hasira. Sheria haiulizi kama kitu kina faida. Inauliza kinamtibu nani na ugonjwa gani. Krimu inatibu uvimbe ambao tayari upo. Mafuta ya jua yalikwisha kupewa kibali chake cha pekee. Dawa ya kufukuza wadudu inawekwa kapu moja na mswaki, sabuni na viatu vizuri, vitu ambavyo mtu mzima kabisa angenunua. Kwa hiyo jibu ni hapana.

Mlango mmoja upo. Daktari aandike kwamba mtu huyu, kwa jina lake, ana ugonjwa huu, kwa jina lake, na kwamba dawa hii ni sehemu ya matibabu yake kwa muda fulani. Barua hiyo ikiwepo, akaunti nyingi hulipa.

Kwetu hatukununua makopo. Mama yetu alikuwa akiwasha majani mabichi ndani ya ndoo, anaiweka chini ya sakafu ya nyumba yetu ya nguzo, tunakwenda shule tukinuka moshi kama samaki waliokaushwa. Nimeishi kaskazini hii tangu tufani ilipoichukua nyumba ile kule pwani, na harufu ile naikumbuka kuliko sura za watu wengi.

Lakini niambie. Mtu anayekerwa na mbu hununua kopo moja. Wewe unasema makopo. Nani anaumwa?

Mjomba wako,
Ovide

*

Cedar Fork
15 Oktoba 2023

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi. Majani ya miti yameanza kuwa mekundu na kiongozi wetu anataka tumalize bonde zima kabla ya msimu wa wawindaji. Mama hajambo, magoti tu.

Hakuna anayeumwa. Nauliza kwa kutaka kujua. Hiyo barua ya daktari, lazima jina la ugonjwa liandikwe? Na mwajiri wangu anaisoma? Na ikishaandikwa inaweza kufutwa, au mtu anabaki nayo maisha?

Nilikwenda kwa Mama ile Jumatatu ya mapumziko ya Septemba. Alipika gambo ya kaa, ule mchuzi wetu mzito wa unga. Ilikuwa na soseji pia, nikazitoa nikamwekea Whitney. Mama akaniangalia: "Unakula kama mtu aliyetumwa kukagua jiko." Nikacheka, nikala kaa na mchuzi na wali, sahani tupu. Tulikula mchana. Jua lilipoanza kuteremka midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, kisha koo likaanza kubana. Nikasema nimeitwa kazini. Nilikaa ndani ya gari nje ya hospitali na vidonge vyangu, mlango wazi, nikisema koo likibana zaidi naingia. Halikubana zaidi.

Nadhani kaa walikuwa wabovu. Usimwambie Mama, atakwenda kumpiga muuza kaa.

Danelle

*

Duluth
24 Oktoba 2023

Danelle,

Marahaba. Mimi mzima, theluji ya kwanza imeanguka, na salamu nyingine utaniwia radhi nitazitoa siku nyingine.

Kaa hawana kosa. Dada yangu anakaanga unga wa gambo kwa mafuta ya nguruwe. Mama yetu alifanya hivyo na mama yake pia. Kwetu kila mtu analijua jambo hilo, ndiyo maana hakuna anayelitaja. Ulitoa soseji ukadhani umemtoa nguruwe, kumbe umekunywa kijiko baada ya kijiko.

Niliwahi kusoma barua nyingi za madaktari kutoka vilima vyenu. Kuna kupe wa huko mwenye doa jeupe mgongoni. Akimuuma mtu, mwili wa mtu huyo huanza kuikataa nyama ya mnyama wa miguu minne, na mafuta yake pia. Haukatai pale pale mezani. Unasubiri saa kadhaa, mpaka mtu amesahau alichokula, halafu unamkaba. Ndege na samaki hawamdhuru. Na kila kupe mpya anayemuuma anauchochea mzio upya, kwa hiyo kwa mtu kama huyo lile kopo ndiyo tiba yenyewe.

Mwajiri haisomi barua. Inasomwa na watu kama nilivyokuwa mimi, na sisi tulikatazwa kuzungumza hata na wake zetu. Jina la ugonjwa lazima liwepo.

Umekwisha kuambiwa, sivyo? Aliyekuambia ni nani, na lini?

Ovide

*

Cedar Fork
12 Novemba 2023

Mjomba, shikamoo.

Wewe ni mtu mbaya sana kumwandikia uongo.

Aliyeniambia ni daktari wa mjini hapa, Julai. Kupe aliniuma Mei, nyuma ya goti. Walipima damu. Akanipa sindano ya kujichoma koo likifunga, akasema nisile nyama yoyote isipokuwa kuku na samaki, na kwamba nisipoumwa tena huenda mzio ukapungua baada ya miaka. Huenda. Akataka kuniandikia barua nikasema ngoja.

Mafuta ya Mama sikuyafikiria. Nimekula gambo yake tangu sina meno. Nani anauliza unga umekaangwa na nini nyumbani kwao?

Sasa sikiliza. Siku ya kuchinja mwaka huu ni Jumamosi kabla ya Mardi Gras, karamu ya kuikaribisha Kwaresima, tarehe kumi Februari. Unajua inavyokuwa. Nyama ya kwanza ikitoka kwenye mafuta, mwenye mji anachukua kipande anamwekea mwanawe mdomoni kwa mkono wake, watu wote wamenyamaza, na mtoto ndiye anasema kama chumvi imekolea. Mimi ndiye mwanawe pekee. Baada ya tufani Mama hakubaki na nyumba, hakubaki na picha, wala kaburi la Baba halionekani tena maji yakijaa. Alibaki na ile siku. Nimsimamishe mkono hewani mbele ya kijiji kizima?

Nitakula kidogo. Kipande kimoja, na sindano iwe mfukoni.

Na wewe usimwambie. Umesema mwenyewe mlikatazwa.

Danelle

*

Duluth
3 Desemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Ziwa limeanza kuganda kando kando. Sijalala vizuri wala kusoma kitu nikakielewa tangu barua yako ifike, na hiyo ndiyo habari yote ya nyumba hii.

Hakuna kidogo. Nilisoma madai ya mtu aliyekula kidogo. Aliyeleta madai alikuwa mkewe.

Sindano inakununulia muda wa kufika hospitali. Kutoka uwanja wa mama yako Azelie hadi hospitali kuna daraja linalofunguliwa kupisha mashua za kuvulia kamba, nawe unajua linavyokaa wazi likitaka. Na hutakuwa tena pale utakapokabwa. Utakuwa umekwisha kusema kwaheri, uko barabarani, peke yako, kati ya mashamba ya miwa.

Mambo mawili. La kwanza ni dogo na lina tarehe. Fedha za akaunti ambazo hazijatumika hufa mwisho wa Desemba. Kaombe barua sasa. Mambo haya huangaliwa kwa tarehe, na kopo ulilonunua kabla ya daktari kuandika halitalipwa hata ulie.

La pili ni mama yako. Sitamwambia. Mtu akinipa jina la ugonjwa wake nalishika, na wewe umenipa. Lakini usidhani ni rahisi. Jana alinipigia kuniuliza kama nadhani umekonda, nikasema hali ya hewa ya huku ni mbaya. Akasema, "Nimekuuliza habari za mtoto, unanijibu habari za mvua. Wewe umezeeka au umelewa?"

Dada yangu ana mdomo, lakini hajawahi kupenda mila kuliko mtoto. Mwambie kabla ya mafuta kupata moto.

Ovide

*

Cedar Fork
9 Januari 2024

Mjomba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Barua ya daktari nimeipata. Imeandikwa tarehe kumi na nane Desemba, na ugonjwa umo kwa jina lake refu lote. Nikanunua makopo mengine, na ile dawa ya kupulizia nguo, siku mbili baada ya hapo. Madai yamepita. Yale ya Agosti, niliyoyalipia mfukoni mwangu, nilijaribu kuyachomeka yakarudi: "gharama imetangulia barua." Nikaisikia sauti yako.

Unataka kujua jambo la kushangaza? Nilipoiona imeandikwa, nikalia ndani ya gari. Tangu Mei nilikuwa na kupe tu. Siku ile nikawa na ugonjwa.

Mama sijamwambia. Nilikwenda Krismasi nikasema tumbo limechafuka, nikala machungwa. Akasema, "Una tumbo la mwanamke tajiri." Nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Kisha nikawaza, huyu Mjomba anayenisukuma, mbona na yeye? Tangu tufani hujakanyaga kwetu hata mara moja. Kila mwaka una sababu: kazi, mgongo, theluji. Mama huweka kiti chako, na Whitney hukikalia. Basi na mimi nadai barua. Andika jina la ugonjwa unaokuzuia kuja, na ni kwa muda gani.

Danelle

*

Duluth
20 Januari 2024

Danelle,

Marahaba.

Naogopa kuyaona maji mahali palipokuwa jiko la mama yangu. Halina jina refu. Muda wake ni hadi tarehe tisa Februari, ndege inatua asubuhi, mwambie Whitney anipokee.

Nitakaa karibu nawe. Sitasema neno. Lakini mkono wa dada yangu ukikaribia mdomo wako nawe bado hujasema, nitasema mimi, mbele ya watu wote, na utanichukia ukiwa hai.

Ovide

*

Cedar Fork
14 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini Mama anakulisha na mgongo umepona safari. Nimefika salama. Hatukupata nafasi ya kuzungumza, nyumba imejaa watu, kisha nikaondoka vile. Kwa hiyo nakueleza, kwa kuwa hukuwepo nilipomwambia. Ulikuwa umekwenda na Whitney kwa mashua kuyaangalia yale maji, na nilipokuona unapanda, na koti lako la kaskazini katika joto lile, nikajua sina tena pa kujificha.

Alikuwa uwani, anakoroga. Nyama zimeanza kuelea. Nikasimama upande ambao moshi hauji.

"Mama, mwaka huu siwezi kuonja."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Umejiunga na wale wanaokula majani?"

"Kupe aliniuma."

"Kupe! Kupe wameniuma mimi tangu nikiwa na nepi, na nguruwe namla."

Nikamweleza yote, na mafuta ya nguruwe pia. Alikuwa amekwisha kukitoa kipande cha kwanza, kimepoa mkononi mwake. Aliendelea kukoroga kwa mkono wa pili mpaka nikamaliza. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema Julai. Nikaona anahesabu miezi usoni. "Na gambo ya Septemba?"

Nikasukuma kuni motoni.

"Nilikupa mimi," akasema. "Nikakuongezea."

Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa aproni. Mafuta yakapenya kitambaa, doa likawa linakua, naye haliangalii. Kisha akamwita mtoto wa jirani aje aonje chumvi.

Uliporudi na mashua uliona mwenyewe yaliyobaki: watu wanacheza, Mama anagawa nyama, na mimi ananipita kama nguzo ya uzio. Jumapili nilipoaga alikuwa anaosha meza. Alisema, "Endesha taratibu." Hakugeuka.

Nimefanya ulichotaka. Niko hai. Najisikia nimemuua mtu.

Wewe umebaki kwake. Niambie anasema nini. Au usiniambie.

Danelle

*

Nyumbani kwa Azelie
21 Februari 2024

Danelle, mpwa wangu, marahaba.

Mgongo haujambo. Mahali pa nyumba yetu nimepaona: maji, nguzo moja, na ndege juu yake. Sina la kuongeza kwa sasa. Nilidhani nitakaa siku tatu, lakini dada yangu amenipa kazi ya kubeba kuni.

Jumatatu ulipokuwa umekwisha kuondoka, alitoa chungu cha chuma cha mama yetu. Wewe umekula kutoka humo maisha yako yote, lakini labda hujui weusi wake ni nini. Ni mafuta ya nguruwe, yaliyokaangwa mpaka yakaingia ndani ya chuma, tabaka juu ya tabaka, tangu bibi yetu. Baada ya tufani walikikuta kimefukiwa kwenye tope, na hata tope halikuweza kuuondoa weusi ule. Azelie hakuwahi kukiosha kwa sabuni. Aliwahi kumfukuza mke wa Whitney jikoni kwa kukikaribia na sabuni.

Alikiweka juu ya makaa uwani. Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Beba kuni."

Kiliungua asubuhi nzima. Moshi ulikuwa mweusi, ukanuka kama sherehe zote tulizowahi kufanya. Whitney akaja mbio akidhani nyumba inawaka. Alipoona ni nini, akasema, "Shangazi, hicho chungu cha bibi!" Azelie akamwambia, "Bibi hana mzio. Kaa huko." Kilipotoka kilikuwa cha kijivu kama jivu lenyewe. Akakisugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu, hakunipa nimsaidie, akaanza kukipaka mafuta ya karanga, anakirudisha motoni, anakipaka tena. Bado anakipaka. Hakijawa cheusi. Kimekuwa cha rangi ya chai.

Jana alikaanga unga humo kwa mara ya kwanza. Uliungua. Akamwaga. Wa pili ukawa na ladha ya misumari. Wa tatu akaufikisha rangi inayotakiwa, akatia bata, tukakaa mezani tukitazamana kama watu wanaosubiri hukumu.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya," nikasema.

"Kesho tena."

Akaosha bakuli. Nilimwambia ninakuandikia wewe, ana salamu gani. Akakipaka chungu mafuta tena. Kisha akasema, "Habari za chungu usimwambie. Atadhani namdai kitu. Mwambie aje Pasaka. Aje tu, ale."

Mjomba wako,
Ovide